Ipi Haijarudi

Ile ya kwanza ilinifia darajani,
saa kumi na dakika ishirini alfajiri,
mvua ya Novemba ikiipiga Porto kwa mshazari.
Taa ikapepesa mara mbili, kama mtu anayetafuta neno,
kisha kimya.
Nikaisukuma hadi kazini. Unga ulishaumuka,
umemwagika kingo za beseni.
Bwana Amândio alitazama saa, akatazama viatu vyangu,
akarudi kwenye tanuri.
Afadhali angenitukana.

Duka la Boavista lina vioo kuliko bidhaa.
Hii, bibi, alisema kijana Telmo,
kilomita sitini kwa chaji moja. Na rangi yake, zambarau!
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
na ile ilitembezwa mbele yangu duka zima.
Nikauliza: ikinyeshewa?
Ina uwezo, akasema.
Tairi likipasuka, nani analo jingine?
Tunaagiza.
Kutoka wapi, kwa siku ngapi?
Akapangusa usukani usiokuwa na vumbi.

Gereji ya Evaristo, kule Bonfim, ni pana kama kabati.
Evaristo hauzi. Evaristo anafungua.
Skuta zimelazwa chali kama wagonjwa wa wodini,
matumbo wazi, nyaya nje.
"Usiniulize ipi bora," alisema, bisibisi mdomoni.
"Niulize ipi haijarudi."
Kidole chake chenye grisi kikapita kitanda hadi kitanda:
hii, kifundo cha kukunjia kililegea, akaanguka mwalimu wa watu;
hii, betri ilikunywa maji kupitia tundu la chaji;
hii ina tairi gumu, haitoboki kamwe,
ila mawe ya mji huu yameilegeza skrubu moja moja,
na uti wa mgongo wa mwenyewe pia.
Na ya zambarau?
"Ninazo tatu. Ya nne inaletwa Jumatatu."

"Na zile kilomita sitini," akaendelea,
"zilipimwa na kijana mwembamba, njia tambarare, mwezi wa joto.
Gawa kwa mbili. Toa kilima cha kwenu. Toa Januari.
Kitakachobaki ndicho chako."
Nikahesabu: kwenda saba, kurudi saba,
na Alhamisi kwa mama, nne zaidi.
Ilitosha, kama nisingejidanganya.

Kwenye kona ilisimama moja ya kijivu,
sura yake kama kiatu cha hospitali.
Matairi mapana ya upepo. Breki ya ngoma,
iliyojifungia ndani isikutane na mvua.
"Ya nani?"
"Yangu. Mwaka wa nne. Matairi mara mbili, breki mara moja."

Nikaiinua.
Hapo ndipo ninapojua asichokijua Telmo:
miaka kumi na tisa nabeba mifuko ya unga,
mikono yangu ni mizani.
Kumi na nane na ushee, nikasema.
"Na nusu," akasema Evaristo.
Ninaishi ghorofa ya nne;
lifti yetu ilikufa kabla ya mume wangu.
Basi nikapanda nayo ngazi za jirani yake, nikashuka, nikapanda tena,
yeye chini na kikombe cha kahawa kama hakimu.
Magoti yakanung'unika. Hayakukataa.

Nikanunua ndugu yake, kijivu vilevile,
nikala supu ya kabichi mwezi mzima.

Sasa ni mwezi wa nane.
Usiku hulala kwenye ukumbi, kando ya viatu,
taa yake ya kijani ikihema.
Sijawahi kuiita nzuri.

Jana nilipita Bonfim na mkate wa mahindi ungali moto.
Evaristo hakunisalimu. Alipiga magoti,
akabonyeza tairi, akasokota usukani,
akategea gurudumu sikio.
"Imeharibika nini?"
"Hakuna."
"Hakuna?"
"Nimeleta mkate."
Akaupokea, akautia kwapani,
lakini hakuinuka;
mkono wa pili bado ulikuwa kwenye bolti,
ukitafuta.